Kuinua pembe za mdomo na kuunda pua: kazi ya milimita

Pembe za mdomo zikishuka, mtu huulizwa "mbona umenuna?" hata siku ambayo hana neno na mtu. Ncha ya pua nayo ikiinama, uso mzima huonekana umechoka. Ndiyo maana wagonjwa wengi huja na malalamiko yote mawili kwa pamoja, na ndiyo maana mambo haya mawili tunayaeleza mahali pamoja: pua na mdomo vinashirikiana misuli na mishipa ya damu, na kosa la huku hujitokeza kule.

Maelezo haya yanamfaa anayefikiria kupasuliwa, ili ajue la kumuuliza daktari. Yanamfaa pia muuguzi au daktari kijana anayeingia chumba cha upasuaji mara za kwanza kusaidia. Hayamfundishi mtu kushika kisu.

Kwanza: nini kimeishusha pembe?

Pembe iliyoshuka upande mmoja, ghafla, si kazi ya daktari wa urembo. Ikija na mkono kulegea au maneno kukwama, hiyo ni dalili ya kiharusi. Hospitali saa hiyo hiyo. Uso ukipooza upande mmoja peke yake, jicho halifumbi na paji halikunjiki, matibabu ni vidonge vya prednisoloni (dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa wa fahamu) vinavyoanzwa ndani ya saa 72, na wengi hupona bila kukatwa popote.

Pembe zilizoshuka pande zote mbili, polepole, zina sababu zake, na kila sababu ina dawa yake. Mpime mgonjwa hivi.

Mwambie abenue midomo. Ukiona kamba ya msuli inakaza kutoka pembeni mwa mdomo kwenda kwenye taya, msuli wa kuvuta pembe chini una nguvu kupita kiasi. Msuli huu huanzia kwenye mfupa wa taya la chini ukiwa mpana, ukapanda ukipungua hadi kwenye fundo la misuli lililo kando ya pembe. Mwenye tatizo hili huanza na sindano ya botulini, dawa ya kulegeza msuli, yuniti 2 hadi 4 za aina ya Botox kila upande, ichomwe chini karibu na taya na nje kidogo ya mstari wa pembe. Ikichomwa ndani mno, karibu na kidevu, inalegeza msuli wa jirani unaoshusha mdomo wa chini, na mgonjwa atacheka upande kwa miezi mitatu au minne hadi dawa iishe.

Halafu weka vidole viwili shavuni, usogeze ngozi juu na nyuma kuelekea sikioni kama sentimita moja. Pembe ikipanda ikakaa vizuri, kosa si la pembe. Shavu zima limeshuka. Ukikata ngozi kwenye pembe peke yake utaacha mkunjo mzito kando yake, na mgonjwa atakuuliza mbona hukumaliza kazi.

Usisahau meno. Mtu aliyeng'oa magego, taya lake hufunga kupita kiasi, midomo ikajikunja ndani, mate yakajaa pembeni, ngozi ikachanika na kuota fangasi. Huyo aende kwanza kwa daktari wa meno akatengenezewe meno ya bandia ya kimo sahihi, na vidonda vitibiwe. Kumpasua kabla ya hapo ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Anayebaki, yaani mwenye pembe zinazoelekea chini hata akiwa ametulia, shavu liko mahali pake na meno yapo, ndiye anayefaa kwa upasuaji huu.

Kuchora

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Mgonjwa achorwe akiwa ameketi, macho mbele, midomo imegusana bila kubanwa. Akilala, uzito wa shavu unakwenda sikioni na pembe inapanda yenyewe. Utachora kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Mama, nitazame hivyo hivyo, usinichekee."

"Nisipocheka si nitaonekana nimekasirika, daktari?"

"Hicho ndicho ninachotaka kukiona."

Tumia kalamu nyembamba ya GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Kalamu nene ina mstari wa milimita moja, na milimita moja hapa ni tofauti ya macho. Weka nukta ya kwanza kwenye pembe yenyewe. Kutoka hapo fuata mstari ambapo rangi ya mdomo wa juu inakutana na ngozi, kuelekea katikati, sentimita 1 hadi 1.5, uweke nukta ya pili. Nukta ya tatu iko juu ya pembe na nje kidogo. Kimo chake ndicho kiasi cha ngozi kitakachotoka. Kwa wengi ni milimita 4 hadi 6. Unganisha nukta kwa mstari uliopinda, umbo litoke kama nusu ya kopa la karata. Kopa huficha kovu kuliko pembetatu kavu, kwa sababu ukingo wa juu wenye mviringo unaweza kuteremshwa ukalala juu ya ukingo wa mdomo bila kuacha kipande cha ngozi kinachochomoza mwishoni.

Mstari usitoke nje ya pembe kwenda shavuni. Wako madaktari wanaourefusha milimita kadhaa ili wainue zaidi, na kwa mzee wa ngozi nyeupe yenye mikunjo mingi kovu hilo hupotea. Kwa ngozi nyeusi, kovu la nje ya pembe huweka weusi au huvimba, na likionekana linafanana na mstari wa mchekeshaji wa sarakasi. Afadhali kuinua milimita 4 kovu likajificha kuliko kuinua 7 likaonekana mtaani.

Pima pande zote mbili kwa kipimo cha chuma, si kwa jicho. Nyuso nyingi hazilingani tangu kuzaliwa. Mwonyeshe mgonjwa tofauti hiyo kwenye kioo *kabla*, la sivyo baadaye itakuwa kosa lako. Mwisho, toboa nukta tatu kwa ncha ya sindano iliyochovywa kwenye GV. Mstari wa kalamu utafutika kwa dawa ya kusafishia. Nukta zilizotobolewa hazifutiki.

Ganzi, kukata, kushona

Ganzi ni lignokaini asilimia 1 yenye adrenalini 1 kwa 100,000. Anza na mshipa wa fahamu wa chini ya jicho, kwa kupitia ndani ya mdomo. Tundu lake liko takriban sentimita moja chini ya ukingo wa chini wa mfupa wa jicho, sambamba na mboni. Ongeza mshipa wa kidevu. Kisha mililita 0.5 hadi 1 tu kwenye pembe yenyewe, kwa ajili ya kupunguza damu. Ukimwaga mililita 3 pale pale, ngozi inavimba na michoro yako yote inasema uongo. Subiri dakika 10 kwa saa ya ukutani. Adrenalini haifanyi kazi kwa haraka ya daktari.

Kata kwa kisu namba 15, ukianza na mstari wa chini kwenye ukingo wa mdomo. Toa ngozi peke yake. Msuli wa mviringo wa mdomo ubaki mzima, kwani ndio unaofunga mdomo wakati wa kunywa na kutamka p na b. Mshipa wa damu wa mdomo wa juu uko ndani zaidi, karibu na utando wa ndani, hivyo ukibaki juu ya msuli hutakutana nao. Damu ikiruka, umezama. Zima mishipa midogo kwa umeme wa chini, moja moja. Kuunguza ovyo kunaua ukingo wa ngozi na kovu linapanuka.

Achanisha ngozi ya juu na msuli milimita 2 hadi 3 ili iteremke bila kuvutwa. Uzi wa kwanza uwe ule unaounganisha ukingo wa mdomo, kabla ya uzi mwingine wowote: rangi ikutane na rangi, ngozi na ngozi. Hatua ya milimita moja hapo inaonekana na mtu mnayezungumza naye mezani. Ndani weka nyuzi mbili au tatu za unene wa 5-0 zinazoyeyuka, mafundo yakiangalia chini. Juu ni nailoni 6-0, nyembamba zaidi, itolewe siku ya 5 au ya 6. Ikikaa siku kumi inaacha alama za ngazi. Siku ya kwanza pembe itaonekana imepanda kupita kiasi. Isikutishe, ngozi hushuka kidogo wiki zinazofuata.

Wiki ya kwanza chakula ni uji, mtori, ndizi zilizopondwa. Mshikaki na muwa vingoje. Mswaki uwe wa mtoto, mdomo usipanuliwe kwa miayo wala kwa daktari wa meno. Aliyewahi kuota malengelenge ya mdomo aseme mapema apewe asikloviri, dawa ya virusi hivyo, kwa sababu ugonjwa huo huamka baada ya kisu na kuharibu mshono. Nyuzi zikitoka na ngozi ikifunga, jeli ya silikoni kwa miezi miwili au mitatu, na kinga ya jua. Kovu likianza kuwa gumu na jekundu, daktari huchoma triamsinoloni, dawa ya kulainisha kovu, kidogo sana ndani yake. Ikiwa nyingi huipa ngozi weupe na kuifanya ibonyee.

Pua: haichongwi, hujengwa

Watu husema "kuchonga pua", na neno lenyewe limewapoteza wengi. Jacques Joseph, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Berlin kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1800, alijulikana kwa kupunguza pua kubwa zenye mfupa uliotuna, na vizazi vya madaktari vikarithi mazoea ya kutoa. Lakini pua nyingi za kwetu hazina cha kutoa: mwamba wa pua uko chini, ngozi ya ncha ni nene, gegedu za ncha (mifupa milaini) ni laini, mbawa za matundu ni pana. Ngozi nene haisinyai kufuata gegedu iliyopunguzwa. Inabaki juu kama shuka kwenye kitanda kilichotolewa godoro, nafasi inajaa kovu, na juu ya ncha panatuna. Uvimbe huo unaitwa mdomo wa kasuku, na ukiona pua yenye nao, mara nyingi mtu alitoa mahali pa kujenga.

Njia ya wazi ndiyo inayofaa kwa kazi hii. Daktari hukata ngozi ya nguzo ndogo iliyo kati ya matundu mawili, pale ilipo nyembamba, kwa umbo la V iliyopinduliwa. Mkato ulionyooka huvuta na kuacha kibonyeo. V huvunja mvuto huo. Ngozi hapo ni nyembamba na gegedu iko mara tu chini yake, basi kisu kisizame. Mkato unaendelea ndani ya tundu kufuata ukingo wa chini wa gegedu, halafu ngozi inainuliwa kama kifuniko cha boneti.

Mbao za kujengea hutoka wapi? Chaguo la kwanza ni ukuta wa kati wa pua. Unachukua gegedu ya katikati na kuacha fremu ya umbo la L, upana usiopungua milimita 10 juu na milimita 10 mbele. Chini ya hapo pua hukosa nguzo, na mwamba hubonyea kama tandiko. Sikio hutoa gegedu iliyopinda na laini, nzuri kwa mbawa, dhaifu kwa nguzo. Anayehitaji mwamba mrefu huchukuliwa gegedu ya ubavu wa 6 au wa 7, kwa mwanamke kupitia mkunjo wa chini ya titi. Baada ya kuitoa, kidonda hujazwa maji ya chumvi na mtu wa nusukaputi husukuma pumzi: povu likitoka, utando wa pafu umetobolewa na unashonwa papo hapo. Gegedu ya ubavu hupenda kupinda. Ichongwe kutoka katikati yake, iachwe kwenye maji ya chumvi nusu saa, itazamwe imepinda wapi, ndipo ikatwe mara ya mwisho.

Jambo moja ambalo wenye makovu ya kuvimba hawaambiwi vya kutosha: pua na midomo mara chache huota keloidi, kifua huota sana. Kwa mtu huyo, kovu la ubavuni ndilo la kujadili kuliko la pua.

Silikoni ni rahisi na haihitaji kupasua kifua, lakini ni kitu kigeni. Ikifika kwenye ncha, ngozi huwa nyembamba mwaka hadi mwaka, ikawa nyekundu, mwisho ikatoboka. Anayeitumia aiishie kwenye mwamba, ncha aijenge kwa gegedu ya mgonjwa mwenyewe.

Ujenzi unaanzia katikati. Nguzo ya gegedu husimamishwa kati ya miguu ya gegedu mbili za ncha, au kipande kikubwa zaidi hufungwa kwenye ukuta wa kati ili ncha isishuke tena. Kisha kila kuba la ncha hubanwa kwa uzi wake, na makuba mawili hufungwa pamoja kwa uzi mwingine. Ukingo wa juu wa gegedu ya ncha ukipunguzwa, daktari abakize upana wa milimita 6 au zaidi. Ukibaki chini ya huo, mgonjwa akivuta pumzi mbawa zinaingia ndani. Pembe kati ya nguzo ya pua na mdomo wa juu ikae nyuzi 90 hadi 95 kwa mwanamume, 95 hadi 110 kwa mwanamke. Ikizidi hapo, matundu yanatazama watu.

Mfupa usivunjwe kwa mazoea. Mwamba wa chini ukiinuliwa, kivuli cha pembeni huufanya uonekane mwembamba ukitazamwa kwa mbele, hata kama mfupa haujaguswa. Kuuvunja kunabaki kwa mfupa mpana kweli, au pale kilima cha mwamba kilipoondolewa na paa likabaki wazi.

Mbawa huja mwisho. Ncha ikipanda, mbawa hujivuta ndani zenyewe, hivyo anayezikata mwanzoni hukata kisichohitajika. Kama zimetanuka kwa nje, kabari ndogo hutolewa kwenye mkunjo wa bawa. Kama ni sakafu ya tundu iliyo pana, hukatwa sakafuni. Kiasi ni milimita 2 hadi 4 kila upande, na pima tena kabla ya kutoa. Bawa lililobaki pana hupunguzwa baadaye kwa ganzi, dakika thelathini. Tundu lililobanwa kupita kiasi ni vigumu sana kulirekebisha. Na mkato usipande zaidi ya milimita 2 juu ya mkunjo: njia ya wazi imeshakata mishipa ya nguzo, na ncha sasa inaishi kwa damu ya mishipa ya pembeni inayopita hapo juu. Ikikatwa nayo, ngozi ya ncha inakufa.

Vyote kwa siku moja

Pembe za mdomo na pua vinaweza kufanywa kwa usingizi mmoja, kwani pembe ziko mbali na zina damu yake. Mdomo uchorwe na kutobolewa nukta *kabla* ya mpira wa hewa kuingizwa. Mpira huo ufungwe katikati ya kidevu. Ukibandikwa pembeni, pembe hiyo huvutwa chini na upimaji unapotea. Pua itangulie, mdomo ufuate, la sivyo vyuma vya kuvuta pua vitakwaruza mshono mbichi. Kitambaa kilichowekwa kooni kuzuia damu kihesabiwe kikiingia na kikitoka, kwa sauti, na mtu wa pili athibitishe.

Kitu kingine ni upasuaji wa kufupisha mdomo wa juu kwa kukata ngozi chini ya pua. Huo hauinui pembe. Unainua katikati tu, na mara nyingine pembe huonekana zimeshuka zaidi kuliko mwanzo. Mkato wake uko hatua chache kutoka mkato wa nguzo ya pua, na mishipa ya nguzo hutokea mdomo wa juu. Kufanya vyote viwili siku moja ni kuiacha ngozi ya nguzo ikiomba damu pande zote. Tunapendelea miezi 6 hadi 12 katikati.

Kabla ya kazi kuna msuli mmoja wa kuangalia. Mwambie mgonjwa acheke. Ncha ikiinama na mdomo wa juu ukafupika, msuli mdogo unaounganisha mdomo na pua ndio unaovuta, na huachiliwa kupitia mkato ule ule. Asipofanyiwa kipimo hiki, pua itakuwa nzuri kwenye picha za pasipoti na mbaya harusini.

Sigara, shisha na ugoro viachwe wiki 4 kabla na 4 baada. Aspirini, diklofenaki na vidonge vya kitunguu saumu siku 10 kabla, ila aliyeandikiwa aspirini kwa moyo asiiache bila idhini ya daktari wake wa moyo. Picha zipigwe kutoka mita 1.5: mbele, kulia, kushoto, mshazari mbili, chini, na akicheka. Picha ya kujipiga kwa mkono, sentimita 30 kutoka usoni, huipanua pua kama asilimia 30. Wengi wanaotaka pua ipunguzwe wamekuwa wakiitazama hiyo.

Baada ya pua

Plasta ngumu hukaa siku 7, nailoni ya nguzo hutoka siku ya 5 hadi ya 7. Lala kichwa kikiwa juu. Usipenge kamasi wiki mbili. Chafya itoke mdomo wazi. Miwani isikalie mwamba wiki 4 hadi 6. Kuinama kufua, kubeba ndoo kichwani na mazoezi vingoje muda huo huo. Anayeswali aswali ameketi wiki za mwanzo, kwa sababu kusujudu huleta damu puani na paji likiteleza pua ndiyo inayogonga.

Matundu yote mawili yakiziba, maumivu yakidunda, na ndani ukaona uvimbe laini wa zambarau pande zote za ukuta wa kati, hiyo ni damu iliyonasa. Itolewe siku hiyo hiyo. Ikiachwa siku tatu au nne, gegedu inakosa chakula na kuoza. Aliyetolewa ubavu akikosa pumzi, picha ya kifua haraka.

Uvimbe mwingi hupungua mwezi wa kwanza, lakini ngozi nene ya ncha huchukua mwaka, wakati mwingine miezi 18, kutulia. Asubuhi itakuwa nene kuliko jioni. Marekebisho ya pembe za mdomo yasijadiliwe kabla ya miezi 6, ya pua kabla ya 12, na yajadiliwe kwa picha zilizopigwa mahali pale pale, mwanga ule ule, mita ile ile 1.5.